Windows 10 imeishiwa msaada: dalili unazoziona na chanzo chake

Tangu 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipositisha msaada wa Windows 10, mashine zote zinazofika mezani kwangu zina ugonjwa mmoja. Printa haitoi karatasi: "Fundi, si ndiyo hii Windows imeisha?" Kompyuta inachukua dakika kumi kuwaka: Windows imeisha. Tovuti ya benki inagoma kufunguka: Windows imeisha. Simlaumu mtu. Ujumbe wenyewe ulijitokeza ukajaza skrini nzima, na aliyekuwa katikati ya kuandaa mitihani ya darasa la saba hakuusoma hadi chini. Aliona neno la mwisho wa msaada, moyo ukampiga paa, akafunga.

Siku ile hakuna kilichozimwa. Windows 10, iliyotoka 29 Julai 2015, inawaka leo kama ilivyowaka wiki ya kabla yake, Word inafunguka, na leseni yako haijafutwa. Kilichokoma ni viraka vya usalama vya bure, yaani marekebisho ya kuziba matundu ya mfumo, vile vilivyokuwa vikishuka kila Jumanne ya pili ya mwezi. Mashine haina namna ya kuuhisi upungufu huo. Haiwi nzito wala haigandi kwa kukosa kiraka. Kwa hiyo kanuni yangu ya mezani ni hii: ukiona dalili, tafuta chanzo kingine kwanza. Mwisho wa msaada wenyewe hauumi.

## Kabla ya yote, soma namba

Shika kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na R, andika winver, bonyeza Enter. Katika kisanduku kitakachofunguka kuna mstari mmoja tunaoutaka, kwa mfano: Version 22H2, OS Build 19045.6456. 22H2 ni toleo la mwisho la Windows 10, na 19045 ndiyo namba yake. Tarakimu za baada ya nukta zinataja kiraka cha mwisho kilichoingia. 6456 ni kile cha Oktoba 2025, cha mwisho kutolewa bure kwa wote.

Ukikuta namba kubwa kuliko 6456, nayo inapanda kila mwezi, mashine yako bado inapokea viraka kwa njia nitakayoieleza chini. Ukikuta ndogo, hata kile ulichokuwa unapewa bure hukukimaliza. Na ukikuta 1909, 20H2 au 21H2, basi kwako msaada haukuisha Oktoba 2025. Toleo la 1909 la Home na Pro liliachwa Mei 2021, la 20H2 Mei 2022, la 21H2 Juni 2023. Wanaosalimika hapo ni wenye LTSC 2021, toleo maalumu la makampuni, ambalo husomeka 21H2 lakini lina kalenda yake.

## Toleo ni la kale na apdeti hazishuki

Hii ndiyo ninayoikuta mara nyingi kuliko zote, na chanzo chake kinaitwa bando. Mwenye mashine alilalamika kwamba apdeti zinakula bando, fundi akazizima, wote wawili wakasahau. Nimewahi kuwa fundi huyo, sitajificha.

Andika services.msc kwenye kisanduku kilekile cha R, ushuke hadi Windows Update. Ikiwa imeandikwa Disabled, ifungue, iweke Manual, ianzishe. Ikijirudisha Disabled kila ukiwasha mashine upya, kuna programu ya kuzuia apdeti iliyopachikwa humo. Ing'oe kwanza, la sivyo utashindana nayo mpaka asubuhi. Kisha angalia mpangilio wa Wi-Fi: kama mtandao umewekwa kuwa "metered connection", yaani mtandao wa bando la kupimwa, Windows huahirisha mengi kwa makusudi.

Usishushe toleo zima kwa bando la simu, tena mashine moja baada ya nyingine. Nenda penye intaneti ya uhakika, chukua Media Creation Tool kwenye tovuti ya Microsoft, tengeneza flashi ya GB 8. Flashi hiyo moja inapandisha mashine zote za ofisi kwenda 22H2. Ichomeke Windows ikiwa inaendelea kufanya kazi, fungua setup, chagua kubakiza faili na programu. Usiwashe mashine kupitia flashi hiyo, maana njia hiyo ni ya kupiga Windows upya na inafuta.

Ikikwama na namba 0x80070070, diski C imejaa. Safisha kwa Disk Cleanup, hamisha video za harusi kwenda kwingine, rudia. Ikikwama na 0x800F0922, mara nyingi ni ile sehemu ndogo iliyofichwa mwanzoni mwa diski ambayo imekosa nafasi, au programu ya VPN iliyoachwa ikiwa imewashwa. Zima VPN kwanza, ni rahisi zaidi.

## Sioni kiungo cha kujiandikisha

Microsoft ina mpango wa viraka vya nyongeza unaoitwa ESU. Kwa mtumiaji wa kawaida unafika 13 Oktoba 2026, na kuna njia tatu za kuupata: kuwasha bakapu ya mipangilio ya kompyuta kwenye akaunti ya Microsoft bila kulipa kitu, kutoa pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au kulipa dola 30. Akaunti moja inabeba hadi mashine 10. Makampuni yana bei nyingine, dola 61 kwa mashine mwaka wa kwanza, na bei hiyo huongezeka mara mbili kila mwaka kwa miaka mitatu.

Kiungo cha kujiandikisha hukaa ndani ya Settings, Update & Security, Windows Update. Ukikikosa, mashaka yangu huenda hivi. Kwanza, mashine si 22H2, rudi juu. Pili, ni 22H2 lakini haina viraka vya karibuni. Dirisha la kujiandikisha lilikuwa na kasoro ya kujifunga lenyewe mpaka kiraka cha Agosti 2025, KB5063709. Baadaye wengine walikuwa wakifika katikati na kushindwa kumaliza, ikabidi Novemba kitolewe kingine cha dharura, KB5071959. Tatu, akaunti. Unaweza kuwa unatumia akaunti ya ndani ya mashine, ambayo Microsoft haiijui. Utaombwa uingie kwa akaunti ya Microsoft, nayo lazima iwe na mamlaka ya administrator. Akaunti ya mtoto haikubaliwi.

Ya nne huwachanganya hata mafundi. Mashine iliyofungwa kwenye mtandao wa kampuni au shule haihesabiwi kuwa ya mtumiaji wa kawaida. Laptopu ya mtumba iliyotoka ofisi ya Ulaya bila kufutwa vizuri inaweza kuwa bado imefungwa kwa mwajiri wake wa zamani. Fungua Settings, Accounts, kisha Access work or school. Ukiona jina la kampuni usiyoijua, hiyo mashine inahitaji kupigwa Windows upya. Ikitaka tena akaunti ya kampuni hiyo baada ya kupigwa, irudishe kwa aliyekuuzia.

Wapo walioambiwa kwamba huduma haijafika katika eneo lao. Usikimbilie kubadilisha nchi kwenye mipangilio; itakuletea fujo kwenye duka la Microsoft na kwenye malipo. Ingiza viraka vyote, zima, washa, angalia tena.

Na kwa wanaochagua njia ya bakapu: kinachotakiwa ni mipangilio tu. Nafasi ya bure ya OneDrive ni GB 5, hivyo kama folda zako za picha na nyaraka zimechaguliwa nazo, itajaa siku hiyohiyo na utaanza kuombwa pesa. Ondoa alama kwenye folda, acha mipangilio.

## Nimejiandikisha, bado naambiwa msaada umeisha

Hiyo ilikuwa kasoro ya maandishi tu. Baada ya kiraka cha Oktoba 2025, ukurasa wa Windows Update ulikuwa ukiandika kwamba toleo lako limefika mwisho hata kwa waliojiandikisha na kwa wenye LTSC 2021, na Microsoft wenyewe walikiri. Rudi kwenye winver. Namba ikipanda kila mwezi, viraka vinaingia.

## "This PC can't run Windows 11"

Pakua PC Health Check uone imekataa kwa sababu gani, kwa sababu sababu zenyewe hazilingani uzito. Mbili zinatibika bila kununua kitu. Moja haina dawa.

TPM, chipu ya usalama, haionekani. Andika tpm.msc. Ikisema hakuna TPM, usiamini haraka. Mashine nyingi za miaka kumi iliyopita zinayo ndani ya prosesa ila imezimwa. Ingia BIOS, mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, ambayo kwa kawaida ni F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad, utafute chini ya Security. Kwenye Intel inaweza kuitwa PTT, kwenye AMD fTPM. Windows 11 inataka toleo la 2.0. Lakini kabla ya kuigusa, hakikisha BitLocker, kufuli la siri la diski, imesitishwa. Usipoisitisha, utakapowasha utakutana na skrini ya buluu inayodai ufunguo wa tarakimu 48, na ndipo utakapokumbuka kwamba akaunti ya Microsoft ilifunguliwa na shemeji yako aliyehamia Muscat.

BIOS iko Legacy. Andika msinfo32, soma mstari wa BIOS Mode. Ikiwa Legacy, diski imepangwa kwa mtindo wa zamani wa MBR, nayo Secure Boot, ulinzi wa wakati wa kuwaka ambao Windows 11 inautaka, haitawaka. Windows 10 ina chombo chake cha kugeuza bila kufuta kitu. Toa nakala ya kazi zako kwanza, fungua Command Prompt kama administrator, andika mbr2gpt /validate /allowFullOS. Ikikubali, andika mbr2gpt /convert /allowFullOS. Ikimaliza, ndipo unaingia BIOS kubadilisha Legacy kuwa UEFI, mtindo mpya wa kuwaka. Ikikataa, tazama diski imegawanywa mara ngapi. Mafundi wengi hupenda kuigawa C, D, E na F, na chombo hiki kinahitaji nafasi ya kuongeza sehemu yake. Sehemu kuu nne tayari zimeijaza.

Prosesa haimo kwenye orodha. Hapa ndipo penye kilio. Kwa Intel, Windows 11 inaanzia kizazi cha 8, ukiacha chache sana za kizazi cha 7. Kwa AMD inaanzia Ryzen za mfululizo wa 2000, ingawa si zote. Sasa pitia maduka ya laptopu za mtumba Kariakoo au yale ya ex-UK Nairobi. EliteBook 840 G3 ni kizazi cha 6. ThinkPad T470 ni cha 6 au cha 7. Zote mashine ngumu, zimebeba ofisi nyingi hapa kwetu, na zote zinaachwa nje. Hakuna mpangilio wa BIOS utakaozibadilisha.

Ukiwa bado hujanunua, usinunue kwa jina la laptopu. Watu wameshajua kwamba 840 G5 na T480 ndizo zinazopita, na bei ikafuata habari hiyo. Ila majina hayo mawili yaliwahi kutoka pia na prosesa za kizazi cha 7. Washa mashine mbele ya muuzaji, fungua Settings, System, kisha About, soma namba ya prosesa: i5-8250U na i5-8350U zinapita, i5-7300U haipiti. Namba ya kwanza baada ya kistari ndiyo unayotafuta. Kwenye ukurasa huohuo soma System type. Ikiandika 32-bit operating system, x64-based processor, mashine inaweza kupokea Windows 11 kwa kupigwa upya tu, kwa sababu Windows 11 ni ya biti 64 peke yake, na printa ya zamani yenye draiva za biti 32 tu haitaifuata huko.

Kuhusu ile njia ya kuruka ukaguzi kwa flashi iliyotengenezwa kwa programu ya Rufus: inafanya kazi, na nimeshaifanya. Sharti langu ni mteja ajue anachopewa. Microsoft haijaahidi kuendelea kuzipa viraka mashine hizo, na kila toleo jipya la mwaka utalipandisha kwa mkono. Tangu toleo la 24H2, prosesa isiyoelewa amri za SSE4.2, kama zile Core 2 Duo, haiwaki kabisa. Kwa mashine ya mtoto ya kusomea, sawa. Kwa ile inayotunza mishahara ya watu, siifanyi.

## Nimegusa BIOS, sasa "No bootable device"

Umegeuza UEFI kabla ya kugeuza diski. Hujapoteza kitu. Rudi BIOS, rudisha Legacy, Windows itawaka, kisha ufuate mpangilio: diski kwanza, BIOS baadaye. Tatizo kubwa la kosa hili ni kwamba mtu hushtuka akaenda kwa fundi wa pili, naye bila kuuliza akapiga Windows upya juu ya kila kitu.

## Tovuti zinakataa kufunguka

Tazama saa pembeni ya skrini. Ikisoma 2016, umepata jibu. Betri ndogo ya bodi, CR2032, imekufa. Kila umeme ukikatika mashine inasahau tarehe, na brauza inaviona vyeti vya tovuti vyote kama vya siku zijazo. Ujumbe wake huwa na maneno ERR_CERT_DATE_INVALID. Betri hiyo ndiyo ileile ya mizani na rimoti za gari, na kwenye kompyuta ya mezani kuibadilisha ni dakika tano.

Kama saa ni sahihi, uliza Windows ipi. Kwenye Windows 10 Chrome na Firefox zimeendelea kutoa matoleo mapya hata baada ya Oktoba 2025, kwa hiyo hapo chanzo si Windows. Kwenye Windows 7 hadithi ni nyingine: msaada wake ulikoma 14 Januari 2020 na Chrome iliishia toleo la 109. Huko tovuti zinakataa kweli kwa uzee, na zitazidi.

## Imekuwa nzito tangu Oktoba

Fungua Task Manager, angalia Disk. Ikikaa asilimia 100 huku hufanyi kitu, una diski ya kuzunguka, ile ya kizamani. Weka SSD, diski isiyozunguka.

## "Naona apdeti bado zinashuka, si niko salama?"

Zinazoshuka ni za Defender, kinga ya virusi inayokuja na Windows. Microsoft inaendelea kumpa Defender orodha za virusi vipya kwenye Windows 10 hadi Oktoba 2028, na programu za Microsoft 365 zitapata viraka vya usalama hadi 10 Oktoba 2028. Ni kama kuwa na mlinzi mwenye picha za wezi wote wa mtaa ilhali ukuta wa nyuma umebomoka. Office 2016 na Office 2019 ziliachwa siku moja na Windows 10, jambo lililopita kimya kwa sababu hazikujaza skrini ya mtu.

## Hakuna dalili yoyote

Hii ndiyo hali yenye hatari kuliko zote nilizoandika, na haijawahi kumleta mteja mezani.

Mfano tunao. WannaCry, programu ya kuteka faili na kudai fidia, ilianza kusambaa 12 Mei 2017, ikafunga faili za watu duniani, na Uingereza hospitali zikaahirisha miadi ya wagonjwa. Kiraka cha tundu iliyolitumia kilikuwa kimetolewa 14 Machi mwaka huohuo, karibu miezi miwili kabla. Watu wengi wanakumbuka kwamba Windows XP, iliyoachwa Aprili 2014, ilipewa kiraka cha dharura. Wanachosahau ni kwamba mashine nyingi zilizoumia zilikuwa za Windows 7, ambayo wakati ule bado ilikuwa ikipokea viraka vya usalama. Kiraka kilikuwepo, hakikuingizwa. Kabla ya siku hiyo hakuna hata moja iliyokuwa na dalili.

Kwa mashine isiyokwenda Windows 11 na mwenyewe hataki ESU, huwa napendekeza Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Mfululizo wa 22 unapewa msaada hadi 2029, na ladha yake nyepesi, Xfce, inakaa vizuri kwenye RAM ya GB 4. Unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi na kuijaribu bila kugusa diski. Kwa anayeandika barua, kusoma barua pepe na kuingia intaneti, inatosha kabisa. Anayetegemea programu ya uhasibu ya Windows asiende huko kabla ya kuuliza. Na mashine inayobaki kuendesha chombo kimoja tu, kama kikata stika au printa kubwa, ichomolewe intaneti ibaki na kazi yake.

Tatizo linalobaki ni flashi, zinazobeba virusi hata bila intaneti. Mwezi uliopita mama mwenye steshenari aliniletea printa, kwa maelezo yaleyale kwamba Windows imeisha. Ilikuwa waya wa USB, uliokatika ndani karibu na kichwa. Nilipokwenda dukani kwake kuujaribu mpya nikaandika winver, kwa mazoea tu: 1909. Huku nikiwa nimesimama pale, wateja watatu walichomeka flashi zao kuchapisha vyeti, mmoja baada ya mwingine, kwenye mashine ileile anayotumia kuingia akaunti yake ya benki. Waya ulichukua dakika mbili. Nilifunga duka pamoja naye saa tatu usiku.